Barua Iliyonitaja

Saa mbili kamili asubuhi simu huamka zote kwa pamoja
kama vifaranga waliosikia punje zikimwagwa.
Mimi ndiye nisemaye: subiri.
Mimi ndiye nisemaye: nafasi za leo zimekwisha,
jaribu kesho, saa hiyohiyo.
Na kesho nasema vilevile, kwa sauti ileile
ya asali iliyoganda.

Eluned Prosser aliingia Alhamisi, mvua ikichuruzika kofiani.
Hakuketi. Viti vyetu ni vya plastiki,
kimoja kina ufa unaofinya paja, wagonjwa wote wanakijua.
Akauliza, bila kupandisha sauti:
"Mtu akiwa na lalamiko, hulipeleka wapi?"

Foleni nyuma yake ikanyamaza.
Bonde hili liliwahi kuandamana kwa ajili ya makaa ya mawe,
likaziba barabara, likalala rumande;
lakini mbele ya daktari hunong'ona,
huvua kofia,
hushukuru hata likiambiwa hapana.

Ningeweza kumwambia meneja yuko mkutanoni.
(Huwa yuko mkutanoni. Mkutano una biskuti.)
Ningeweza kumwambia fomu zimekwisha.
Nikainama. Nikavuta droo ya chini kabisa,
nikapekua katriji za wino na soksi ya mtoto iliyosahauliwa,
nikamtolea karatasi mbili zilizobanwa pini,
pini imeota kutu.

"Andika tarehe," nikamwambia. "Na saa, kama unaikumbuka.
Andika ulichoambiwa, neno kwa neno.
Ulivyoumia nako kuandike, usione haya.
Bakiza nakala, usinipe mimi ya pekee.
Wakikujibu kwa maneno matupu, wapo walio juu ya meneja,
na juu ya hao wapo wengine.
Anwani iko nyuma ya karatasi,
kwa herufi ndogo kama mayai ya chawa."

Akaazima kalamu yangu, ile iliyofungwa kwa uzi.
Akaandika kwa kusimama, uzi ukimvuta mkono kila mwisho wa mstari,
nami, niliyezoea kusoma maandishi yaliyopinduka,
nikasoma:

kwamba Gwilym anakohoa tangu majani yaanze kupukutika;
kwamba walipiga simu mara kumi na moja;
kwamba majibu ya damu yalilala wiki tatu kwenye trei
na yeye hakulala;
kwamba mara ya kumi na moja sauti ya mwanamke ilisema,
"Kikohozi tu, mama, mpe kitu cha moto."

Sikuhitaji kuuliza ni sauti ya nani.

Mficha maradhi, kifo humuumbua.
Lakini Gwilym hakuficha kitu.
Sisi ndio tuliomfichia.

Kalamu ikasita.
"Jina lako," akasema, "linaandikwaje? Heledd, D moja au mbili?"
Simu tatu zikalia. Nikaziacha zilie.
"Mbili," nikasema.
Akaongeza ya pili, taratibu, kama mtu anayefunga kifungo cha shati la mgonjwa.

Nikagonga muhuri. Wino ulikuwa umekauka, haukushika.
Nikagonga tena, meza ikatikisika,
mtoto mmoja akacheka.
IMEPOKELEWA.

Jumatatu meneja akaniita. Hakuuliza habari za trei.
Aliuliza nani alimpa fomu.

Gwilym yuko hospitali ya mjini, ghorofa ya nne,
nimesikia dirisha lake linatazama maegesho ya magari.
Sijaenda. Nimenunua zabibu mara mbili,
mara mbili nimezila mwenyewe ndani ya basi.

Fomu sasa ziko juu ya kaunta, pembeni ya kengele.
Zimebaki tisa. Wiki iliyopita zilikuwa ishirini.
Na saa mbili kamili, simu zinapoamka,
namwambia wa kwanza: nakusikiliza, anza mwanzo.
Anaanza mwanzo. Anaanza na mwaka juzi.
Taa nyekundu inaonyesha kumi na tisa nyuma yake,
na mmoja wao, najua,
anatafuta kalamu.